Chuo Kikuu Ni Jirani Yako: Somo kwa Wakulima wa Morogoro

Maneno haya yamepigwa chapa ili kila mmoja wenu aweze kuyasoma polepole na kuyajadili pamoja na wenzake darasani. Ukikuta neno gumu, usisimame hapo. Endelea mpaka mwisho wa sentensi, halafu rudi. Mwisho wa somo yako maswali na maelezo ya maneno.

Somo la leo lahusu jirani. Mtu aweza kukaa karibu na jirani yake miaka thelathini, akapita mlangoni pake kila siku, wala asijue jirani huyo afanya kazi gani. Tuseme wewe ni mkulima wa Kinole au wa Mkuyuni. Wateremka mlimani na ndizi zako kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro. Mjini waona vijana wenye madaftari. Wasikia kwamba ni wanafunzi wa Chuo Kikuu. Wauza ndizi, wanunua chumvi na sabuni, warudi nyumbani. Je, umewahi kujiuliza, watu wale wajifunza nini? Na je, yale wanayojifunza yakuhusu wewe?

Leo tutajibu maswali hayo mawili. Tutaona pia jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa: elimu ya kilimo haifanyi kazi ikiwa mwenye elimu hamsikilizi mkulima, na wala haifanyi kazi ikiwa mkulima haulizi.

MKOA WETU NA MJI WETU

Mkoa wa Morogoro ni mkubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 70,000 hivi, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 walihesabiwa watu zaidi ya milioni 3. Wengi wao waishi kwa kilimo. Katika bonde la Kilombero hulimwa mpunga na miwa. Upande wa Turiani iko miwa ya Mtibwa. Wilaya ya Kilosa yajulikana kwa mkonge tangu zamani. Na katika milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kimepita mita 2,600 juu ya bahari, watu hulima ndizi, mahindi, maharage, viungo na mboga za namna nyingi.

Mji wa Morogoro uko chini ya milima hiyo, kama kilomita 190 kutoka Dar es Salaam. Ni mji wa wakulima, lakini pia ni mji wa wasomi. Kilomita 3 hivi kutoka katikati ya mji kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ukifuata barabara ya Iringa utafika Mzumbe, mahali ilipoanzishwa shule ya serikali za mitaa mwaka 1953, na ambapo tangu mwaka 2001 pana chuo kikuu kamili. Leo tutazungumza zaidi juu ya kile cha Sokoine, kwa sababu kazi yake ni shamba, mifugo na misitu.

Chuo hiki hakikuanza kikiwa kikubwa. Mwaka 1965 kilikuwa chuo cha kilimo tu, kikitoa stashahada. Mwaka 1970 kiligeuzwa kuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye yakaongezwa mafunzo ya misitu na ya uganga wa mifugo. Tarehe 1 Julai 1984 kikawa chuo kikuu chenye kujitegemea, nacho kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huo huo, huko Dakawa, katika mkoa huu wetu.

Basi hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Vijana wale wajifunza mambo ya udongo, mbegu, wanyama, misitu na maji. Yaani wajifunza mambo unayoyashika wewe kwa mikono kila siku.

HABARI YA MATUTA

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla chuo hicho hakijakuwapo. Wazee wa Uluguru waikumbuka habari hii kwa kuwa walisimuliwa na wazazi wao.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa milimani wachukuliwa na mvua. Jambo hilo lilikuwa kweli. Mashamba yalikuwa kwenye miteremko mikali, na mito iliteremka ikiwa myekundu kwa udongo. Tena mto Ruvu, ambao hadi leo huwapa maji watu wa Dar es Salaam, hupata maji yake mengi katika milima hii. Basi wataalamu wakatoa dawa: kila mtu achimbe matuta ya ngazi katika shamba lake. Ikawekwa amri, na asiyechimba akaadhibiwa.

Lakini wataalamu hawakuwauliza wenyeji. Kama wangeuliza, wangeambiwa kwamba sehemu nyingi za mlima zina udongo mzuri kidogo tu juu, na chini yake pana udongo usio na rutuba. Ukichimba ngazi, wafukia ule mzuri na kuufunua ule mbaya. Kadhalika, mahali pengine ngazi zilishika maji mengi mpaka udongo ukaporomoka. Watu walifanya kazi nzito, na mavuno yakapungua. Tena ardhi ilikuwa mali ya koo, na watu wakaogopa kwamba matuta ni njia ya kuwanyang'anya.

Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika huko Matombo kwa hasira. Polisi walipiga risasi, na mtu akapoteza maisha. Baada ya hapo mpango ule ukaachwa. Upande wa Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza na kumwagilia maji, matuta yalikubaliwa zaidi, kwa kuwa huko yaliwaletea faida waliyoiona kwa macho yao.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya habari hii. Wataalamu walikuwa na kweli moja: udongo wakimbia. Wakulima walikuwa na kweli nyingine: dawa hii haifai shamba letu. Kila upande ulishika nusu ya elimu. Nusu hizo mbili hazikukutanishwa, na matokeo yake yakawa msiba.

HABARI YA PANYA

Sasa tuangalie mambo yalivyo pale nusu hizo mbili zinapokutana.

Kila mkulima wa mahindi amjua panya wa shambani. Wapanda leo, baada ya siku chache waenda kutazama, nawe waona vishimo vidogo tu mahali ulipotia mbegu. Panya amefukua na kula. Yakubidi upande mara ya pili, na pengine mara ya tatu. Mbegu imekwisha, fedha imekwisha, na mvua nayo yapita. Ukichelewa hivyo, watoto wako ndio watakaoona njaa.

Zamani watu wengi walidhani kwamba panya hutokea tu kama mkosi. Wataalamu wa chuo cha Sokoine, pamoja na wenzao kutoka Ubelgiji, waliwachunguza panya hao katika mashamba ya Morogoro kwa miaka mingi. Waliwatega, wakawahesabu, wakawatia alama na kuwaachia, halafu wakawatega tena. Nao waligundua mambo haya:

Kwanza, panya jike mmoja aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, na mimba yake ni ya wiki tatu na siku chache tu.

Pili, kuzaa kwao hufuata mvua. Mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, na watoto wao nao huwahi kuzaa. Hivyo idadi yao yaweza kuongezeka kupita kiasi. Kwa sababu hiyo mtu aweza kutazama mvua ya vuli na kujua mapema kwamba msimu ujao una hatari.

Tatu, hasara kubwa huja katika siku za kwanza baada ya kupanda. Kumpiga vita panya wakati mahindi yamekwisha kuwa marefu ni kuchelewa.

Nne, mtu mmoja hawezi kushinda peke yake. Ukiwaua panya wa shamba lako, na jirani yako asifanye kitu, panya wake watahamia kwako. Yafaa kijiji kizima kisafishe vichaka na kutega au kutia sumu kwa wakati mmoja, kabla ya kupanda. Lakini jihadharini na sumu. Msiishike kwa mikono mitupu, wala msiiweke mahali wanapofika watoto na kuku. Panya waliokufa wafukiwe.

Elimu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika mashamba ya watu kama wewe. Mkulima alitoa shamba lake na habari zake, na mtaalamu alitoa hesabu yake. Hakuna aliyeweza kuipata peke yake.

Kuna na ajabu nyingine. Katika chuo hicho hicho, tangu mwaka 2000, shirika liitwalo APOPO huwafundisha panya buku kunusa. Panya hao hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini baada ya vita, na kwa kuwa ni wepesi, wakipita juu ya bomu halilipuki. Wengine hunusa makohozi ya wagonjwa na kuonyesha yenye kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa Morogoro, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Aliwahi kustaafu kabla ya kufa mwaka 2022. Basi hata panya, mtu akimchunguza kwa makini, aweza kuwa na faida.

MBUZI WA MGETA

Mfano wa tatu ni mbuzi. Huko Mgeta kuna baridi, na mashamba ni madogo. Watu hulima kabichi, karoti, njegere na viazi. Ng'ombe ni vigumu kumfuga kwenye mteremko, kwa kuwa ataka majani mengi na nafasi kubwa. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa chuo cha Sokoine walisaidiwa na watu wa Norwei kupeleka huko mbuzi wa maziwa. Mbuzi huyo hufungwa bandani, na sakafu ya banda huinuliwa kwa mbao ili mavi yaanguke chini. Mwenye mbuzi humkatia majani na kumletea.

Faida zake ni tatu. Watoto hupata maziwa. Mavi ya mbuzi huwa samadi ya mboga. Na mitamba huuzwa kwa watu wa mahali pengine wanaotaka kufuga. Tena majani ya mbuzi yaweza kupandwa kwenye kingo za matuta, na mizizi yake hushika udongo. Kazi ile iliyoagizwa kwa nguvu mwaka 1955, yaani kuzuia udongo usikimbie, yaweza kufanywa na mtu kwa hiari, kwa sababu asubuhi aona maziwa katika sufuria.

KUISHI KARIBU NA MJI WA WASOMI

Mtu asidhani kwamba kuishi karibu na chuo ni faida tupu. Kuna faida na kuna hasara, na yafaa uzijue zote.

Faida ya kwanza ni soko. Wanafunzi ni walaji wengi. Wala ndizi, mayai, mchicha, maharage na maziwa. Lakini angalia: wanafunzi wakienda likizo, soko hupungua. Kwa kawaida mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, na likizo ndefu huwa katikati ya mwaka. Mkulima mwenye akili huuliza tarehe za masomo kabla ya kusia mbegu ya mboga, ili mavuno yake yafike sokoni vijana wakiwapo.

Faida ya pili ni kazi na kodi. Wako watu waliojenga vyumba wakawapangisha wanafunzi.

Hasara ya kwanza ni ardhi. Mji wakua, mwaka 2022 Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Mashamba ya kando ya mji yageuzwa viwanja. Mtu huja na fedha mkononi, nawe waona ni nyingi. Lakini fedha huliwa mwaka mmoja, na shamba lingalikulisha wewe na wajukuu wako. Usiuze kwa haraka. Zungumza kwanza na mkeo au mumeo na watu wa ukoo. Na kama ni lazima kuuza, soma kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Sasa waweza kusoma. Hiyo ndiyo mojawapo ya faida za darasa hili.

Hasara ya pili ni maji. Watu wa mjini wahitaji maji mengi, na bwawa la Mindu hupata maji yake kutoka milimani. Mkulima akilima mpaka ukingoni mwa mto, udongo huteremka na kujaa bwawani. Watu wa mjini humlaumu mkulima. Naye mkulima huuliza: nikiacha shamba la ukingoni, nitakula nini? Swali hilo ni la haki, na haliwezi kujibiwa na upande mmoja. Lazima wakulima, watu wa mji na wataalamu wakae pamoja, wakikumbuka habari ya Matombo.

JINSI YA KUULIZA

Sasa tumefika kwenye jibu la swali la pili. Ndiyo, chuo chakuhusu. Lakini utaanzaje? Wengi wasema, "Mimi sikusoma, nitasema nini mbele ya profesa?" Ndugu yangu, kuuliza si ujinga. Tena wewe unayo elimu asiyokuwa nayo profesa: wajua shamba lako lilivyokuwa mwaka juzi na mwaka jana.

Anza kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako. Mweleze tatizo, naye atakuonyesha njia ya kufika kwa wataalamu. Pia kila mwaka, siku za Nane Nane, wataalamu na wakulima wa mikoa hii hukutana kwenye uwanja wa maonyesho wa Morogoro. Nenda huko na swali, si kutazama tu.

Swali moja zuri la kuanzia ni hili: udongo wangu wapungukiwa na nini? Watu wengi hununua mbolea bila kujua, kama mtu anayekunywa dawa bila kupimwa. Chuoni udongo hupimwa. Lakini udongo ukichukuliwa vibaya, majibu yatakuwa ya uongo. Uchukue hivi:

1. Tembea shambani kwa kwenda upande huu na upande huu, na uchague mahali 15 hivi. Usichukue karibu na nyumba, kichuguu, njia, wala mahali palipokuwa na lundo la samadi.

2. Kila mahali ondoa majani ya juu, uchimbe kina cha shibiri moja, yaani sentimita 20 hivi, na uchukue udongo kidogo.

3. Changanya udongo wote katika ndoo safi. Ndoo iliyokuwa na mbolea isitumike.

4. Anika udongo kivulini mpaka ukauke.

5. Tia kama nusu kilo katika mfuko safi. Andika kwenye karatasi jina lako, kijiji chako, tarehe, na mazao uliyopanda mwaka uliopita.

6. Ikiwa shamba lako lina sehemu mbili zisizofanana, kwa mfano mlimani na bondeni, fanya mifuko miwili.

Angalieni hatua ya tano. Yule asiyejua kuandika angehitaji kumwomba mtoto wa shule. Ninyi mwaweza kuandika wenyewe. Na majibu yakija, mtasoma wenyewe kama udongo una uchachu na wahitaji chokaa ya kilimo, au kama wapungukiwa na nitrojeni au fosforasi. Pasipoeleweka, ulizeni tena, mpaka mtaalamu aeleze kwa maneno ya kawaida. Asikuondoeni kwa maneno makubwa.

Na mtaalamu au mwanafunzi akija kijijini kwenu na daftari, mpokeeni. Mwambieni kweli, hata kama kweli hiyo ni kwamba shauri lake halikufaa. Kisha mwulizeni, "Majibu ya kazi yako utatuletea lini?" Hiyo ni haki yenu.

Ndugu wanafunzi, hapo ndipo mwisho wa somo letu. Jirani ni mtu wa kupigiwa hodi. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini wakulima wa Uluguru walikataa matuta mwaka 1955? Wataalamu wangefanya nini kwanza?

2. Panya waliharibu mbegu katika mashamba mangapi ya wanadarasa msimu uliopita? Je, kijiji chenu chaweza kuwapiga vita siku moja? Nani ataitisha mkutano?

3. Mtu ataka kununua shamba lililo karibu na mji. Tajeni mambo matatu ya kufikiri kabla ya kumjibu.

4. Kila mmoja aandike katika daftari lake swali moja ambalo angependa kumwuliza mtaalamu wa chuo. Someni maswali hayo kwa sauti, mchague matatu, na mumpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba.

MANENO MAGUMU

Kitivo: sehemu ya chuo kikuu yenye masomo ya namna moja.
Makohozi: mate mazito yatokayo kifuani mtu akikohoa.
Matuta ya ngazi: mashamba yaliyokatwa mteremkoni kama vidato vya ngazi.
Mitamba: mifugo majike michanga ambayo bado haijazaa.
Rutuba: nguvu ya udongo ya kuotesha mimea.
Shibiri: urefu kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umekunjuliwa.
Stashahada: cheti apewacho mtu aliyemaliza masomo ya chuo, kilicho chini ya shahada.
Uchachu wa udongo: ukali ndani ya udongo unaozuia mimea isile chakula chake vizuri.